Kilichobaki Ndani ya Mtutu

Walinzi wenzake walipomtupa Fils kwenye sakafu ya karakana, jino lake lilitangulia, likabingirika hadi miguuni mwa Mumba, fundi wa bunduki wa Katuba.

Uso wa mlinzi huyo haukutambulika tena kwa kipigo. Donat, mkuu wa walinzi wa bohari ya madini, alimkanyaga shingo. Nyuma yake alisimama Lucien, bastola mkononi, macho mekundu kwa siku tatu za kilio. Kaka yake Elisée, mwenye bohari, alikuwa ameuawa Jumapili mbele ya geti lake kule Bel-Air. Risasi moja tu, ya kifua.

"Papa Mumba," Lucien alisema, akiweka mezani kidonge cha risasi, cha kijivu, kilichopondeka. "Munganga wa lopitalo alitosha hii mu kifua ya yaya yangu Elisée. Angalia bunduki ya huyu imbwa. Kama ni yeye, anakufia hapa hapa."

Mumba alikikwaruza kidonge kwa ukucha; madini laini yakachubuka.

"Ni plomb tupu, ile ya mu batri. Haina na nguo ya shaba ya kuifunika. Masasi ya kumimina ku nyumba."

Akaichukua bunduki ya Fils, akapitisha ndani ya mtutu kitambaa kilicholowa dawa. Kilitoka na rangi ya buluu.

"Buluu ni shaba. Masasi ya kununua, ile ya nguo, ndiyo inaachaka shaba. Plomb haiyapita humu hata siku moya. Haiko yeye."

"Muzee, macho yako imechoka!" Donat alifoka, akamshindilia Fils teke la mbavu. Kitu kilivunjika, kila mmoja alikisikia. "Sasa ni nani?"

"Leteni bunduki zenu zote."

Donat aliibwaga yake mezani kwanza kabisa, bila kusita.

Mumba alipitisha brosi ya waya mara tatu. Juu ya kitambaa cheupe vikadondoka vipande vyembamba vya kijivu, kama magamba ya dagaa. Akakisukuma kitambaa mbele ya Lucien. Lucien alivisugua kati ya vidole, akavitazama, akakitazama kidonge kilichotoka kifuani mwa kaka yake.

"Lucien, hapana." Donat alirudi nyuma hadi ukutani. "Papa Mumba, mwambie! Weye unajua, hii bunduki ilikuwa..."

Risasi ya kwanza ilimpasua koo. Alishuka polepole, mikono shingoni, midomo ikihangaika kutoa neno, lakini kilichotoka kilikuwa damu. Lucien alimsimamia juu, akafyatua mpaka bastola ikabaki kulia kavu.

Kisha alipiga magoti, akamwinua Fils mwenyewe.

"Pardon, ndugu yangu. Pardon."

Walinzi waliuburuta mwili hadi kwenye gari, wakaondoka. Mumba alimwaga ndoo mbili za maji sakafuni, akafunga mlango, akaingia ndani. Mkewe alikuwa amekaa chini ya picha ya marehemu binti yao, Plamedie, rozari mkononi.

"Elisée, Jumapili. Donat, leo," Mumba alimwambia. "Bale babili balimuuaka mutoto yetu bameisha, mama Plamedie. Na haikulazimu bunduki mbili: Jumapili ile ya Donat ilikuwa ingali kwangu ya kutengeneza, nilimurudishia jana tu."