Fizi za Badru

Mama Badru alimjibu kila mtu wodini isipokuwa Tekla.

Daktari alipomuuliza homa ya mtoto ilianza lini, alijibu. Mfagiaji alipomwomba asogeze ndoo, alijibu na kuisogeza. Lakini Tekla, mwanafunzi wa uuguzi aliyekabidhiwa kitanda kile tangu asubuhi, akiinama tu na kipimajoto mkononi, yule mama alivuta khanga usoni na kugeukia ukutani.

"Anaona haya, mwache," alinong'ona Sista Yuliana, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wodini. "Haya niambie, mtoto wa miezi mitano anatakiwa afanye nini?"

"Acheke kwa sauti. Aanze kujigeuza. Akiona kitu akishike, akitie mdomoni."

"Mtazame huyu sasa."

Tekla alichezesha funguo mbele ya Badru. Macho ya mtoto yalizifuata kidogo, yakachoka, yakajifumba. Mkono haukuinuka, na kiganja kilikuwa kimepauka kabisa. Bi Hija, bibi yake mzaa baba aliyeketi kando ya kitanda, alisema juzi juzi tu mjukuu wake alimvua babu yake kofia akaitafuna mpaka ikalowa mate. Alisema hivyo akitabasamu, kisha tabasamu likamshinda.

Sista Yuliana alikikandamiza kidevu taratibu, akamulika tochi mdomoni. Kwenye fizi, pale ambapo chonge hulala zikisubiri wakati wake, palikuwa na mashimo mawili. Yalikuwa yametunga usaha.

"Meno ya plastiki," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaona mara nyingi mno.

Tekla alikuwa ameyasikia darasani tu. Mtoto akiharisha au akishikwa na homa, wanaojiita wajuzi hukifunua kinywa chake, na wakiona vivimbe vyeupe kwenye fizi husema hayo ni meno mabaya, ndiyo yanayomuua, lazima yachimbwe. Kumbe ni chonge changa, na hakuna mtoto asiye nazo. Hasira ilimpanda Tekla.

"Bi mkubwa, nani kawachimbia?"

Bi Hija alitazama sakafu. "Mwanangu, sie tulikuwa tunataka apone."

"Basi nyie ndio mliompeleka."

Bi Hija hakukana. Tekla akaona ameshaujua mzizi wa jambo: mama mkwe kaamua, mkwewe kanyamaza. Akachuchumaa kando ya kitanda, akalainisha sauti.

"Mama Badru, mie mwenyewe nimekulia Bunju kama nyie. Nitajie jina tu. Huenda sasa hivi kuna mtoto mwingine anapelekwa huko."

Mabega ya yule mama yalianza kutikisika chini ya khanga. Akazidi kugeukia ukutani.

Dharau ile ilimuuma Tekla. Siku alipovishwa kofia ya uuguzi, Bibi Editha, bibi yake aliyemlea tangu wazazi wake wafariki, alilia machozi ya furaha na kudai apewe picha kubwa kuliko zote. Na leo mwanamke anaigeuzia sare ile ile mgongo kana kwamba inanuka.

Wakati wa chai alimpigia bibi yake simu, maana hakuwa na mwingine wa kumdekea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Bado. Kuna mama hapa hataki hata kuniangalia, na sijamkosea chochote."

Nyuma ya sauti ya bibi kichanga kilikuwa kikilia kwa nguvu. Nyumba ile haikuwahi kukosa watoto wa majirani.

"Mvumilie," alisema Bibi Editha. "Anayeuguza mtoto hasemi lake. Ngoja nimalizane na wageni, nitakupigia."

Aliporudi wodini mfuko wa damu ya kumwongezea Badru ulikuwa umeshatundikwa. Tekla alisimama akiliombea heri kila tone. Lakini Badru alikuwa akiguna kila anapovuta pumzi, mbavu zikiingia ndani, na daktari alipoitwa alikuja mbio. Walihangaika naye wakati adhana ya adhuhuri ikiingia dirishani. Ilipokwisha, Sista Yuliana aliondoa vidole kifuani mwa mtoto na kuzima mashine ya oksijeni.

Bi Hija alianguka chini akilia, ikabidi wamtoe nje kwa kumshika kwapani. Tekla alikuwa amefundishwa kwamba muuguzi halii mbele ya wafiwa. Alilia. Akamfuta mtoto mdomo, akamfunika khanga, na mama yake akaishika ncha ya pili, wakaikunja pamoja.

Walipomaliza, Tekla alipiga magoti.

"Sikupeleki polisi, dada yangu. Wala sikulaumu. Nitajie tu huyo mtu, niende leo hii nikamzuie."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mama Badru alimtazama. Alianza na kofia, akashuka kwenye sare, kisha akarudi usoni, akakaa hapo.

"Nilikufahamu ulipoingia tu," alisema. "Siku ile mie niligoma mlangoni, mama mkwe akinivuta. Yule bibi akaniambia nisiogope, yeye mjukuu wake nesi, akanionyesha picha yako ukutani. Ndipo nikampa mwanangu."