Nyumba ya Tatu, La Paloma

Tulikuwa tumeshazikataa nyumba mbili za likizo pale La Paloma, na hii ya tatu ilikuwa mbovu kuliko zote.

"Kaa basi ujaribu godoro, mama," mwenye nyumba alimwambia mke wangu, Nélida.

Nélida akakaa. Upepo wa bahari ukalipeperusha pazia, likamgusa shavu, likarudi taratibu dirishani. Akajilaza na viatu vyake, akapitiwa na usingizi.

Tangu tumzike binti yetu, sikuwa nimemwona akilala bila vidonge.

"Makubwa haya!" mwenye nyumba akacheka. "Na bafu hamjaliona, bwana."

"Punguza sauti, dada. Tunaichukua."

Nikapiga magoti, nikamvua Nélida kiatu kimoja. Alikuwa anakoroma.

"Mtakaa mpaka lini?" mwenye nyumba alininong'oneza.

"Mpaka aamke."