Kofia ya Darasa la Kwanza

Saumu alirudi kutoka sokoni akamkuta binti yake, Tunu, amekaa mkekani, kichwa kimezungushiwa bendeji. Hakuwa na haja ya kuuliza. Kila mtoto anayeanza darasa la kwanza sharti masikio yake yawe yamelala bapa kichwani, kwa kuwa kofia ya plastiki inayomimina masomo akilini hutengenezwa kwa kipimo kimoja tu.

"Tulikubaliana tungoje," alimwambia mumewe, Shomari, kwa hasira.

"Ulikubaliana na nafsi yako, Mama Tunu," Shomari alijibu huku akikoroga uji. "Angekaa nyumbani mwaka mzima. Kwani kakatwa nini, kijinyama tu."

"Kofia ndiyo haimtoshi mtoto, nyie mkaona mtoto ndiye mwenye kasoro. Nchi nzima hakuna fundi wa kupanua plastiki, ila wa kukata watoto wamejaa tele. Yale masikio ni ya marehemu baba yangu. Ulimwomba nani ruhusa?"

Shomari akainamia sufuria.

Tangu ananyonya, Tunu hulala ameshika sikio lake kwa mkono mmoja na la mama yake kwa mkono wa pili. Usiku huo alipapasa bendeji, akaiacha, akalishika la Saumu. Akalikunja taratibu, akalibana kichwani, akalishikilia hapo kama anayepima.

"Mwalimu kasema kofia za wakubwa zinakuja," akamnong'oneza. "Usiogope, mama. Baba atakushika, kama alivyonishika mimi."