Bati la Uani

Muuguzi alimshika Shembilu kidole, akakipitisha kwenye mbavu za mwanawe wa mwaka mmoja. Kila ubavu ulikuwa na kinundu, kama shanga zilizopangwa chini ya ngozi.

“Mifupa yake ni laini,” alisema. “Dawa nimekupa. Lakini anahitaji pia jua la asubuhi, kifua wazi.”

“Ua wote nimeuezeka bati, macho ya watu yasimdhuru.”

“Basi na jua halimfikii, baba.”

Kesho yake asubuhi Shembilu alipanda ngazi na nyundo. Jirani yake, Bi Mwanaidi, alichungulia kutoka dirisha la ghorofani.

“Leo tutamwona huyo mfalme wako?”

Shembilu aling’oa bati moja, akashuka. Jua lilikuwa limeangukia mkekani, kipande kisichozidi upana wa kanga. Akamvua mtoto shati, akamlaza hapo. Mtoto alifumba macho, kisha akanyoosha vidole kuushika mwanga.

Dirisha la juu lilikuwa bado wazi, na Bi Mwanaidi alikuwa akimtazama mtoto. Shembilu aliinua mkono amfunike mtoto kifua. Mkono ukabaki hewani, kivuli chake kikiwa juu ya zile mbavu.