Nahodha Mwenye Sura ya Hafidh

Tangu runinga zianze kumpa mhusika mkuu sura ya mtu ambaye mtazamaji anampenda kuliko wote, hakuna filamu ya anga za juu iliyododa. Hata Bi Nuru, ambaye habari za roketi hazikuwahi kumwingia, alikuwa akiitazama hii kwa mara ya kumi na moja, maana nahodha wake alikuwa Hafidh, mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Tabora.

Nahodha alikuwa akiaga, nyota zikimwelea machoni, mlango ulipofunguliwa. Hafidh mwenyewe akaingia na begi lake, baada ya mwaka mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu Bi Nuru, machozi yakimlengalenga. "Sogea kidogo, unanizibia. Mwanangu anaondoka."