Zabibu za Asajile

Hosea aliusukuma uji pembeni. "Kwanza zabibu," alisema.

Tulinagwe akashusha pumzi. Tangu arudi kutoka Dodoma kumwona mtoto wao wa kwanza, mumewe hakutaka habari nyingine. Madaktari walishasema mgonjwa apumzikie nyumbani. Nje mvua ya Kisondela ilipiga bati, na kule nyuma, kwenye migomba, wanaume wa ukoo walikuwa wameshachagua mahali. Hakuna aliyelitamka hilo.

"Nilishakueleza, Baba Asajile. Ardhi nyekundu, kavu. Jua kali. Mizabibu imepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Wanavuna mara mbili kwa mwaka."

"Na aliyeileta?"

"Mapadri, zamani. Walitaka divai ya misa."

Hosea alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Wenzetu wakaletewa divai. Sisi chai!"

"Mwanao hashindwi kwa kupogoa. Akishika kisu, mkubwa wao anasimama kumtazama mpaka amalize."

"Divai yenyewe anaionja?"

"Hawaruhusiwi."

"Mliongea sana?"

"Kidogo. Kazi ni nyingi." Tulinagwe alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Amekusalimu."

Mzee alisikiliza mvua. Kisha akauliza lile alilokuwa akilizunguka wiki nzima.

"Atakuja kunizika?"

Katika ukoo wao, udongo wa kwanza hutupwa na mzaliwa wa kwanza. Babu yake Asajile alilala ndani, maiti, mpaka Hosea alipofika kutoka machimboni. Bila yeye hakuna aliyethubutu kugusa koleo.

"Atakuja," Tulinagwe alisema haraka. "Nikipiga simu tu, anapanda basi. Tutamsubiri."

"Msimsubiri."

"Baba Asajile, usiseme hivyo. Mtoto anakupenda."

"Najua. Koleo mpeni dada yake. Tulia ni binti, lakini yupo."

"Wazee watakataa!"

"Wakatae, halafu wanizike."

Hosea aliuvuta uji, akanywa funda moja, akalirudisha bakuli mikononi mwa mkewe.

"Ile siku niliyokuaga nakwenda Mbeya kuuza parachichi, Mama Asajile, nilikuwa mahakamani, benchi la nyuma. Nilimsikia hakimu. Kifungo cha maisha hakina ruhusa ya msiba."