Picha Inayoiva Jumamosi

Hakuna mtu mtaani aliyejua kompyuta kama Bibi. Alijua inapowashiwa. Inapozimiwa alikuwa bado anaulizia.

Ndiyo maana siku hiyo alilichomoa kasha la kompyuta ya mkwewe, waya mmoja baada ya mwingine, akalilaza kwenye kigari cha wajukuu wake pacha, akalifunika shuka na kulisukuma hadi dukani kwa fundi. Njiani mama mmoja aliinama kumchungulia mtoto, akainuka akaharakisha mwendo.

Mkwewe alikuwa msanifu majengo, na shida yake ilijulikana nyumba nzima. Kila Jumamosi alijifungia chumbani na kompyuta, kwa sababu picha ya nyumba aliyoichora ilikuwa inaiva, yaani kompyuta inaigeuza michoro kuwa picha kama ya kamera. Mashine kuukuu, alisema. Picha moja inakula mchana kutwa, na mtu akifungua mlango tu, inaweza kuharibika ikaanza upya. Binti wa Bibi akabaki na pacha, na ndoo za nguo, na mgongo unaomuuma. Jioni Msanifu alitoka hoi, shavu lina mistari, macho mekundu, maskini, kwa kukikodolea kioo.

Bibi akaona yaishe. Cherehani yake, iliyomlelea watoto wote, jirani alikuwa ameshailipia, angeichukua jioni ile. Hela yote iende kwenye prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, ili binti apate mume Jumamosi.

Fundi alimwekea mbili mezani. Akamweleza taratibu kwamba humo ndani ni kama jikoni: hii ina wapishi wachache wepesi wa mikono, inafaa kuchora, ile ina wapishi wengi, na kuivisha picha ni kazi ya wengi.

"Nipe yenye kijiji kizima," Bibi alisema.

Hapo Msanifu akaingia anahema, tai imehamia begani. Mkewe alikuwa amempigia simu kazini. Hakuulizia michoro yake. Aliuliza kama kasha limeshafunguliwa.

Lilikuwa bado. Akashusha pumzi, akaanza kumbembeleza mama mkwe. Kubwa inakula umeme. Kubwa inachemka. Feni yake ina kelele, itaamsha watoto. Na cherehani, jamani, Mama auze cherehani kwa ajili yake yeye? Hata hiyo ndogo ni nyingi. Machozi yakamlenga Bibi. Mkwe mwenye huruma hivi angempata wapi tena?

"Basi, fundi, tufungie hiyo ndogo," Msanifu alisema. "Nitaipachika mwenyewe nyumbani."

"Wewe?" Bibi alisema. "Balbu ya chooni tulimwita jirani."

Fundi naye hakukubali. Kila prosesa ina kikalio chake. Lazima aone kwanza iliyomo, asije akauza kiatu kisichoingia mguuni. Msanifu akakumbuka ana kikao. Akakumbuka gari limezuia njia. Hakuwa amekuja na gari.

Fundi alifungua skrubu, akang'oa feni, akapangusa dawa ya kijivu iliyopakwa juu ya prosesa kwa kitambaa, akainamisha taa asome maandishi. Akasoma tena.

"Mama," alisema, "rudi na hela yako. Iliyomo humu ni kubwa kuliko zangu zote mbili."

Bibi hakuelewa mara moja. "Kwa hiyo picha ya nyumba inaiva kwa muda gani?"

"Kwa hii? Chai yako haijapoa."

Bibi akageuka polepole. Msanifu alikuwa anatazama dari, mkono ukipapasa shavu, pale pale ambapo kila Jumamosi hukaa mistari ya foronya.

"Labda imekua, Mama," alisema.